Chongo, Kengeza na Miwani ya Mwanangu

Siku ya kwanza mwanangu alivaa miwani kwa sekunde nne, tena nikihesabu kwa ukarimu. Alikuwa na miezi 11. Ilipofika ya tano aliikamata kwa mkono wa kulia, akaivuta kama anavyovuta hereni zangu, akaitupa. Ikatua ndani ya bakuli la uji wa ulezi. Nikaiosha, nikamvisha tena. Akaitupa tena. Mama yangu alikuwa mkekani akichambua mchele, ametutazama muda wote bila kusema neno. Mara ya tatu ndipo aliposema, taratibu, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo:

"Mwanangu, mtoto hajatimiza hata mwaka. Anasoma nini?"

Nilikasirika. Leo, zaidi ya mwaka umepita, naona lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu miwani ile. Na mama hakulitunga yeye. Lina umri wa miaka zaidi ya 700. Nimelifuatilia nyuma vitabuni, usiku, mtoto akishalala, na nimegundua kwamba karibu kila kosa tulilolifanya nyumbani kwetu lilikwishafanywa na watu wengine, wakubwa na wenye elimu, mamia ya miaka kabla yetu.

Lakini hebu nianze nyumbani kwanza, kwenye methali. Wapenzi wa fasihi mnaijua: akipenda, chongo huita kengeza. Mwalimu wetu wa sekondari alitufafanulia kwamba mapenzi hulainisha maneno. Ukimpenda mtu, jicho lake lililokufa utaliita jicho lililopinda tu. Methali inapanga ngazi mbili, chongo juu na kengeza chini, halafu inamcheka anayeteremsha ngazi moja kwa ajili ya mahaba. Tumeitumia sana kuwatania wachumba. Sikuwahi kuiwaza kama jambo la hospitali.

Mwanangu alipofika miezi 7 nikaona kitu. Nikimletea kijiko, jicho la kushoto lilikimbilia puani. Likikaa huko kidogo, linarudi. Shangazi zake wakasema ana macho ya kurembua. Mjomba akasema amemfuata babu, ambaye naye alikuwa hivyo hivyo na akaoa wake wawili. Mimi mwenyewe nilisema "kajicho kake kanacheza." Si mnaona? Hata kengeza hatukuliita kengeza. Tuliteremsha ngazi nyingine chini ya ile ya methali. Kwenye kituo kimoja cha afya nilipouliza, niliambiwa nisiwe na wasiwasi, atakua nayo, yatanyooka. Na jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linadanganya vizuri. Macho ya mtoto mchanga hutangatanga miezi ya mwanzo bila ubaya wowote. Tena watoto wengi wana daraja la pua pana, na ngozi inayofunika weupe wa jicho upande wa ndani, ukiwatazama utadhani wana makengeza kumbe hawana. Ila jicho linaloendelea kukimbia mtoto akishapita miezi minne hivi linataka kuchunguzwa, si kusubiriwa. Sisi tulisubiri miezi mitatu zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa tamu.

Sasa twende kwenye swali la mama. Anasoma nini?

Februari mwaka 1306, mtawa mmoja wa shirika la Wadominiko, Giordano da Pisa, alihubiri mjini Florence. Katikati ya mahubiri akasema kwamba haijatimia miaka ishirini tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kumwona na kuongea na mtu aliyeitengeneza ya kwanza. Jina hakulitaja. Kwa hesabu hiyo, wanahistoria huweka mwanzo wa miwani kwenye mwaka 1286 au karibu na hapo, huko Italia. Ilikuwa lenzi mbili zilizobinuka, zinazokuza, kwa ajili ya watu ambao macho yamechoka kwa umri: watawa, makarani, mafundi wa kazi ndogondogo. Yaani watu wazima waliotaka kuendelea kusoma.

Picha hiyo iliganda haraka sana. Mwaka 1352 mchoraji Tommaso da Modena alichora ukutani, huko Treviso, kadinali Hugh wa Saint-Cher akiandika huku miwani imemkaa puani. Ndiyo picha ya zamani kuliko zote tunayoijua ya mtu aliyevaa miwani. Kichekesho ni kwamba kadinali huyo alifariki mwaka 1263, kabla miwani haijakuwepo duniani. Mchoraji alimvalisha maiti, kwa sababu kufikia wakati wake miwani ilikwishakuwa alama: huyu ni msomi. Mama yangu, ambaye hajafika Treviso wala hataki kufika, ana picha ileile kichwani. Miwani ni ya mwalimu mkuu, ya hakimu, ya shehe anayefungua kitabu. Mtoto wa miezi 11 haimo katika orodha.

Hata pale miwani ilipoanza kuvaliwa na vijana, vijana wenyewe walikuwa watu wazima. Mwaka 1462 Francesco Sforza, mtawala wa Milan, aliandika kuagiza kutoka Florence miwani dazeni tatu: dazeni moja za kuonea mbali, zinazowafaa vijana, dazeni moja za kuonea karibu, zinazowafaa wazee, na dazeni moja za kawaida. Alitaka kuwagawia watu wa ikulu yake waliokuwa wakimwomba. Vijana wa ikulu, basi. Si wa mgongoni.

Tena hata angetaka kumvisha mtoto, angemvisha vipi? Miwani ya kale haikuwa na mikono. Ilibana pua, au ilishikwa kwa mkono. Mtoto mchanga hana pua ya kubanwa, na mkono wa kushika anautumia kutupa. Kuna watu huko Hispania waliofunga nyuzi na riboni zikazunguka masikio, na wamisionari wakaipeleka miwani ya namna hiyo hadi China. Mikono migumu inayobana kichwa pembeni ilikuja kutangazwa London karne ya 18, miaka ya mwisho ya 1720, dukani kwa fundi Edward Scarlett. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 400 miwani ilidumu bila mikono migumu ya kuishikilia usoni, achilia mbali uso unaopinda kila sekunde kutafuta titi.

Watoto wenye makengeza walifanyiwa nini wakati huo wote? Walivalishwa vinyago. Paulo wa Aegina, mganga wa karne ya 7 aliyeandika kwa Kigiriki, alishauri mtoto avalishwe kinyago chenye matundu mawili yaliyonyooka, ili macho yalazimike kutazama mbele. Mwaka 1583, huko Dresden, Georg Bartisch alichapa kitabu kikubwa cha tiba ya macho chenye michoro mingi, na miongoni mwa michoro hiyo kuna kofia za kitambaa zinazofunika uso wa mtoto mzima, zimebaki tundu tu. Ukizitazama leo usiku peke yako utawasha taa. Na Bartisch huyohuyo aliichukia miwani. Aliona ni heri mtu atunze macho yake mawili kuliko kuwa na manne. Jamani, macho manne! Mtaani kwetu watoto walimwita mwanangu hivyohivyo wiki ya pili. Utani huo una zaidi ya miaka 400 na bado haujachoka.

Baada ya kinyago kikaja kisu. Oktoba 1839, mjini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach alimpasua mvulana wa miaka 7 na kukata msuli unaovuta jicho upande wa ndani. Jicho likanyooka. Habari zikaenea Ulaya upesi, na madaktari wakaanza kukata misuli kwa shauku kubwa. Kumbukeni kwamba dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, miaka saba baadaye. Mtoto alikuwa macho. Kuna mtu alimshika kichwa. Katika vitabu vyote hivi jina la daktari limeandikwa, na mara nyingine hata jina la msaidizi, lakini mikono iliyomshika mtoto kichwa haikuandikwa popote. Baada ya kumshika wangu kwa dakika tano za matone ya macho, hilo nimeanza kuliona kila ninaposoma.

Tatizo la kinyago na kisu ni lilelile. Vyote viwili vilimchukulia mtoto mwenye kengeza kama mtu mwenye jicho korofi linalohitaji kunyooshwa. Aliyegeuza fikra hiyo ni Mholanzi, Franciscus Donders wa Utrecht. Mwaka 1864 alichapa kitabu chake kikubwa kuhusu namna jicho linavyojikaza kuona, na humo akaeleza kwamba wengi wa wale ambao macho yao yanakimbilia ndani wana jicho fupi kuliko kawaida. Picha ya kitu haitui sawasawa pale inapotakiwa nyuma ya jicho. Ingetua nyuma zaidi. Ili aone bila ukungu, mtu huyo lazima aikaze lenzi iliyo ndani ya jicho lake mchana kutwa. Sasa, ubongo umezifunga kazi mbili kwa kamba moja: ukikaza lenzi uone karibu, macho nayo yanasogea ndani. Jaribu mwenyewe, msomaji. Soma kitu kidogo sana karibu na pua halafu mwambie mtu akuangalie macho. Mtoto mwenye jicho fupi anakaza zaidi ya kiasi, kwa hiyo macho yanavutwa ndani zaidi ya kiasi.

Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kumtazama kitandani. Kumbe jicho lake lilikuwa halichezi. Lilikuwa linafanya kazi. Kila nilipomletea kijiko alijitahidi kuniona, na jitihada zenyewe ndizo zilizompinda. Na dawa yake haikuwa kumlazimisha jicho. Ni kumpunguzia mzigo: weka lenzi iliyobinuka mbele, imsaidie kazi, jicho litulie lenyewe. Lenzi iliyobinuka ni ileile ya wazee wa Florence. Miwani ya kusomea ya babu ndiyo miwani ya mtoto, sema tu sababu zimetofautiana.

Swali la pili la mama lilikuwa zuri vilevile. "Na daktari amejuaje namba? Amemuuliza?"

Hakumuuliza. Mwaka 1873 daktari wa jeshi la Ufaransa, Ferdinand Cuignet, alieleza njia ya kulimulika jicho na kutazama jinsi mwanga na kivuli vinavyotembea ndani ya mboni mwanga ukisogezwa. Kivuli kikitembea upande huu, jicho lina kasoro hii, kikitembea upande ule, ina ile. Unaweka lenzi mbele ya jicho, unabadilisha moja baada ya nyingine hadi kivuli kisiende kokote. Lenzi iliyokinyamazisha ndiyo namba yako. Mgonjwa hahitaji kusema herufi, wala kuzijua. Ni njia ya kupima macho hata ya mtu asiyeweza kuongea.

Nami niliishuhudia. Tulipanda basi la alfajiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, na kwenye hospitali ya rufaa tukakutana na daktari mmoja mama wa makamo, mpole. Kwanza alimulika kurunzi ndogo kutoka mbali akatazama nukta ya mwanga imekaa wapi kwenye kila mboni. Kulia ilikaa katikati. Kushoto ilikaa pembeni. "Hili ni kengeza la kweli, mama," akasema, na nikajua kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa nalingojea neno hilo lisemwe na mtu asiyenipenda. Akatia matone ya kulegeza msuli, tukangoja. Mboni zikawa kubwa, nyeusi. Halafu akaleta kile chombo chenye mstari wa mwanga, akakaa mbali kidogo, akawa anaimba kwa sauti ndogo ili mtoto amtazame, huku mkono mwingine unapandisha na kushusha lenzi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima uzito. Akaandika: kulia +5.50, kushoto +7.00.

"Avae kuanzia anapoamka mpaka anapolala," akasema. "Na msichelewe tena."

Nilimuuliza kwa nini haraka hiyo, wakati miwani ataivaa hata akiwa na miaka kumi. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za paka.

Habari za paka ni hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Harvard, David Hubel na Torsten Wiesel walichukua paka wachanga wakawashona kope za jicho moja. Baada ya miezi kadhaa wakazifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Hakuna kilichokatika wala kuoza. Lakini paka hakuona kitu kwa jicho lile. Wakapima ndani ya ubongo wakakuta sehemu ambazo kwa kawaida hupokea habari kutoka macho yote mawili sasa zinalisikiliza jicho moja tu, lile lililokuwa wazi. Jicho lililoshonwa lilipoteza nafasi yake. Walipomshona paka mkubwa kwa muda mrefu zaidi, hakudhurika. Kumbe kuna msimu. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na darasa likishafungwa ni vigumu kulifungua. Kwa kazi yao kuhusu jinsi ubongo unavyochambua habari za macho walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mtoto wa binadamu ana msimu mrefu kuliko wa paka, unahesabiwa kwa miaka, lakini kanuni ni ileile. Jicho lililopinda, au lenye ukungu kuliko mwenzake, hutuma picha mbovu. Ubongo, ambao hautaki kuona vitu viwiliviwili, unaizima. Ukiizima muda mrefu, jicho linakuwa lile waliitalo jicho vivu. Kwa nje ni zima, linang'aa, hata linanyooshwa. Kwa ndani halimo.

Hapo ndipo methali iliponigeukia. Tulifundishwa kwamba chongo na kengeza ni ngazi mbili, na kosa la mpenzi ni kuiita ya juu kwa jina la chini. Lakini hizi si ngazi zilizosimama. Ni njia. Kengeza likiachwa linatembea kwenda kwenye chongo, polepole, bila maumivu, ndani ya jicho zuri. Anayeliita "kajicho kanacheza" hajalainisha neno tu. Ameupoteza muda.

Wanafalsafa walilihisi jambo hili kabla ya paka. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin, ambaye mkewe alipofuka mwaka wa kwanza wa ndoa yao, alimwandikia John Locke swali: mtu aliyezaliwa kipofu, anayeujua mchemraba na tufe kwa kugusa, akifunguliwa macho atavitambua kwa kutazama tu? Locke aliliweka swali hilo kwenye chapa ya pili ya insha yake maarufu, mwaka 1694. Na mwaka 1728 daktari mpasuaji William Cheselden alitoa taarifa ya mvulana wa miaka kama 13 aliyeondolewa mtoto wa jicho ambaye alikuwa naye tangu utotoni mwake. Alipofunguliwa macho hakujua umbali. Alidhani kila kitu kinamgusa jicho. Alishindwa kukumbuka yupi paka na yupi mbwa, mpaka siku moja akamkamata paka, akampapasa, akamkazia macho, akamwahidi kwamba safari nyingine atamtambua. Miaka 700 kabla yake, Cairo, Ibn al-Haytham alikwishaandika katika Kitab al-Manazir, jina lililo ndugu wa neno letu "mandhari", kwamba jicho peke yake halitoshi kuona: akili inalinganisha, inakumbuka, inahukumu, na kwa mazoea inafanya haraka mpaka tusijue kwamba imefanya. Kuona kunafunzwa. Sisi hatukumbuki darasa lenyewe kwa sababu tulikuwa wachanga.

Haya. Elimu hiyo yote ninayo, na mtoto bado anaitupa miwani kwenye uji.

Niwaambie kilichosaidia, maana najua kuna mzazi anasoma hapa akiruka aya za Wadominiko. Kwanza, fremu. Ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu, ikateleza mpaka mdomoni. Alikuwa na haki ya kuivua. Ya pili ilikuwa ya plastiki laini isiyo na bawaba, lenzi za plastiki zisizovunjika, na ukanda wa kuzunguka kisogo. Pili, wakati. Nilikuwa namvisha akilia, nikidhani itamtuliza. Vibaya. Mvishe akiwa ameshiba, ametoka kulala, na kuna kitu cha kutazama kinamngoja upande wa pili: kuku uani, baba anapiga makofi, jani linalotikisika. Mvishe kwa mikono miwili, haraka, halafu mwonyeshe dunia mara moja. Tatu, akivua usigombane wala usicheke. Rudisha. Akivua mara tatu mfululizo, iweke kando, mpumzike, jaribu baada ya nusu saa. Nne, ifute. Mara nyingi alikuwa anaivua kwa sababu ina alama za vidole vyake vya uji. Tano, kagua nyuma ya masikio na juu ya pua kila jioni, na urudi kwa fundi, kwa kuwa uso wa mtoto unakua. Dakika 5 zikawa 20. Wiki ya tatu akaisahau usoni saa nzima. Nilikaa mlangoni nahesabu kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike.

La sita ndilo gumu. Nyumba nzima lazima ikubaliane.

Mwezi wa pili kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Asubuhi nikatafuta miwani sikuiona. Tukapekua chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo, hata jikoni. Tukaenda bila miwani. Shughuli ilianza saa nne tukarudi usiku. Nilipomlaza mtoto, mama akafungua kabati lake akaitoa, imefungwa kwenye leso.

"Watu wangesema," akasema. "Mtoto wa kike. Yakikuzwa na vile vioo macho yanakuwa kama ya bundi. Jirani amelisema neno hilo mbele yangu, bundi. Kesho na keshokutwa nani atamwoa?"

Nilisema mengi ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia habari za paka. Nikamwambia kope zilizoshonwa, jicho zima lisiloona, msimu unaopita. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe unasema mimi nimemshona jicho mjukuu wangu."

Sikujibu. Ningeweza kusema hapana, na isingekuwa kweli kabisa. Ningeweza kusema ndiyo, na miezi yangu mitatu ya "kajicho kanacheza" ingesimama pale chumbani ikinitazama. Siku moja bila miwani haimpofushi mtu. Mimi ndiye niliyechelewesha zaidi, na nilikuwa nimeyapeleka makosa yangu kwa mama kwa sababu yeye alikuwa karibu.

Asubuhi yake nilikuta kwenye meza ya cherehani ukanda mpya. Ule wa fremu ulikuwa mgumu, ukimwacha na alama kisogoni, na nilikuwa nimelalamika mara nyingi. Huu alikuwa ameukata kwenye pindo la kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, lastiki ndani, vitundu viwili vya kupitishia mikono ya miwani. Sikusema kitu wala yeye hakusema. Mtoto alivaa mpaka adhuhuri.

Sasa ana miaka miwili na ushee. Kwa miwani macho yamenyooka, akiivua usiku la kushoto bado linarudi puani. Na la kushoto bado liko nyuma ya mwenzake, kwa hiyo tunaliziba la kulia kwa plasta saa mbili kila siku, ili hilo vivu lilazimike kusoma. Si jambo jipya. Buffon, Mfaransa yule wa historia ya viumbe, aliandika mwaka 1743 kwamba makengeza hutokana na macho mawili yasiyolingana nguvu, akashauri lenye nguvu lifunikwe. Lakini Buffon hakuandika mtoto anavyolia saa mbili hizo. Daktari anasema tunaendelea vizuri, tuendelee, na hatoi ahadi. Nami nimeacha kuziomba.

Saa za plasta ni zamu ya bibi. Ndiye pekee anayeziweza. Wanakaa mkekani, ungo katikati, na mtoto kwa jicho lake moja dhaifu anatafuta mawe kwenye mchele. Mengi anayakosa. Bibi anamwachia kwanza, anangoja, halafu anayatoa yeye. Juzi nilipita nikamsikia anamuuliza, "Hili je? Unaliona hili?" Mtoto akainama mpaka miwani ikagusa mchele, akachukua muda mrefu, akalichomoa. Lilikuwa punje ya mchele.

"Karibu," mama akamwambia, akairudisha kwenye ungo. "Tafuta tena."